Kuendesha Baiskeli Juu ya Tuta la Diefdijk



Wengi wetu tunaijua baiskeli kwa kubebea maziwa, magunia na abiria. Wenzetu wa Uholanzi huipanda pia kwa matembezi tu, na njia wanazozipenda sana ni zile zinazopita juu ya matuta ya mito. Tuta tunalosema hapa si lile la viazi. Ni ukuta mkubwa wa udongo, mrefu kilomita nyingi, uliojengwa kuzuia maji ya mto yasiingie mashambani. Wasomaji wetu wa Budalangi, kando ya mto Nzoia, hawahitaji maelezo zaidi. Katika somo hili tutapanda baiskeli kwa mawazo, tupite juu ya tuta moja liitwalo Diefdijk, na tujiulize: ni nani aliyelitunza hata likadumu?

Tunaanzia kijiji cha Everdingen, penye mto Lek, ambao ni tawi la mto Rhine. Kutoka hapo tunaelekea kusini, mpaka mto Linge karibu na mji wa Leerdam. Kupotea si rahisi, kwa sababu kwenye njia panda kuna vibao vya nambari. Asubuhi unaandika nambari zako kwenye karatasi, kisha unazifuata moja baada ya nyingine. Barabara iko juu, malisho na miti ya matunda iko chini pande zote mbili. Mlima hakuna. Lakini upepo upo, na ukikupiga usoni utatamani heri mlima.

Mgeni atauliza, basi mto uko wapi? Kumbe Diefdijk halifuati mto. Linakata nchi kutoka mto mmoja hadi mwingine. Lilijengwa mwaka 1284. Siku hizo mito ikivunja kingo huko mashariki, maji yaliteremka kuelekea magharibi na kufunika vijiji vya chini. Mabwana watano waliotawala upande wa magharibi wakapatana kulijenga na kulitunza kwa pamoja. Mpaka leo eneo hilo linaitwa Vijfheerenlanden, yaani nchi ya mabwana watano.

Tuseme ukweli wote, hata hivyo. Maji yaliyozuiwa hayakupotea. Yalisimama upande wa mashariki, yakazidi kupanda kwenye mashamba na nyumba za majirani. Tuta lile lile liliwaokoa hawa na kuwaumiza wale.

Na kutunza je? Katika sehemu nyingi za Uholanzi, kwa karne nyingi, mwenye shamba aligawiwa kipande chake cha tuta kulingana na ukubwa wa ardhi yake. Hakukuwa na kusema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Wakaguzi walipita wakiongozwa na mkuu wa tuta, na aliyekutwa na kipande kibovu alitozwa faini. Aliyeshindwa kabisa alichomeka sepetu yake kwenye tuta na kuondoka. Aliyeing'oa sepetu hiyo alichukua shamba pamoja na wajibu wake. Hii ilikuwa sheria kali, na sisi tunaofanya kazi na wajane na wagonjwa hatuwezi kuisifu. Lakini tunaelewa walivyofikiri: uzembe wa mtu mmoja ungezamisha vijiji vyote.

Tukiendelea, karibu na Schoonrewoerd tuta linapinda ghafla, na kando yake kuna ziwa dogo tulivu, Wiel van Bassa. Watu husimama hapo kupumzika na kupiga picha. Mwaka 1573 maji yalibomoa tuta mahali hapo na kuchimba shimo refu mno, lisiloweza kufukiwa. Wakati wa kujenga upya, watu walilizunguka. Kona nyingi za namna hii, zinazompendeza mwendesha baiskeli, ni makovu ya mafuriko.

Siku hizi matuta yanasimamiwa na halmashauri za maji, 21 nchi nzima. Wananchi huzipigia kura na kuzilipia kodi yake maalum. Tena kuna wanaojitolea kukagua matuta kwa miguu maji yanapopanda.

Msidhani wanakubaliana daima. Kabla ya 1995 watu wengi walipinga kuimarishwa kwa matuta, maana nyumba za zamani na miti ya kando vilikuwa vikibomolewa. Kisha mwishoni mwa Januari 1995 mito ilijaa, na watu 250,000 hivi wakahamishwa pamoja na mifugo yao. Huko Ochten, penye mto Waal, tuta lilianza kuteleza. Mifuko ya mchanga ikapangwa haraka, likasimama. Baada ya hapo kazi ya kuimarisha iliharakishwa kwa sheria. Baadaye tena wakaona kuinua matuta peke yake hakutoshi. Huko Lent, ng'ambo ya Nijmegen, walirudisha tuta nyuma mita 350 ili mto upate nafasi. Nyumba 50 hivi ziliondolewa, na kazi ilikamilika mwaka 2016.

Katika vikundi vyenu, mjadili haya. Mradi wenu wa pamoja, uwe kisima, mtaro au barabara, kipande cha nani kinajulikana kuwa ni chake, na nani anakikagua? Na maji mnayoyazuia kwenu, yanaenda kwa nani? Mkiweza, mwalikeni huyo jirani kwenye mkutano kabla ya kuchimba.