Somo: Ugonjwa wa Pumu na Dawa ya Kunyamazisha Jeni



Katika sharika zetu wamo wenye pumu, wazee kwa watoto. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na ugonjwa huu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake, wengi wao katika nchi zisizo na mali nyingi. Kwa hiyo habari ya dawa mpya ikisikiwa, wagonjwa huiuliza kwa shauku. Imetupasa kuwajibu kwa kweli, tusiwape tumaini la uongo, wala tusiwanyime lililo la haki.

1. Pumu hutokeaje?

Njia za pumzi huvimba, misuli yake hukaza, na makamasi mazito huziba. Kwa wengi chanzo ni askari wa mwili, ambao hupigana na vumbi kana kwamba ni adui. Askari hao huitwa vitani na protini fulani, na kila protini hutengenezwa kwa amri iliyoandikwa katika jeni.

2. Kunyamazisha jeni maana yake nini?

Tufananishe jeni na kitabu cha amri kisichotoka bomani. Karani huandika nakala, na tarishi huipeleka kwa mafundi. Nakala hiyo ndiyo RNA. Ikikatwa njiani, mafundi hawapati amri, wala kazi haitendeki. Lakini kitabu chenyewe hakikuguswa. Basi dawa hii haibadili urithi wa mtu, na nguvu yake hupungua baada ya muda. Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walieleza jambo hili katika mwaka 1998, walipochunguza minyoo midogo sana, wakapewa tuzo ya Nobel katika mwaka 2006.

3. Mbona yahitaji vifuko vidogo?

RNA tupu huharibika upesi mwilini, tena haipenyi katika seli kwa urahisi. Kwa hiyo wataalamu huifunga katika vifuko vya mafuta vya nanometa 100 hivi. Na milimeta moja ni nanometa milioni moja. Katika mwaka 2018 dawa ya kwanza ya namna hii, iitwayo patisiran, ilipata kibali huko Marekani. Lakini hiyo hutiwa katika mshipa, hufanya kazi katika ini, tena ni ya ugonjwa mwingine.

Kwa pumu yafaa dawa ivutwe kama ukungu hata mapafuni. Matone makubwa hunasa kooni, madogo mno hutoka tena na pumzi. Yafaayo ni ya maikrometa 1 mpaka 5. Hata yakifika, makamasi huyazuia. Na vifuko vyaweza kupasuka katika chombo kitoacho ukungu. Hapo ndipo ugumu ulipo.

4. Imekwisha kujaribiwa?

Jaribio moja la karibu na hili lilitangazwa katika mwaka 2015 kutoka Ujerumani. Wagonjwa 40 waligawanywa: wengine walivuta kwa siku 28 uzi mfupi wa DNA ukatao nakala ya jeni iitwayo GATA3, wengine walivuta dawa isiyo na nguvu. Walipovutishwa kitu kinachowadhuru, kubanwa kwa pumzi kujako baada ya saa kadhaa kulipungua kwa asilimia 34 kwa wale waliopata dawa. Kwa wenzao hakukupungua. Uzi ule haukufungwa katika vifuko. Ni dalili njema, lakini watu 40 ni wachache.

5. Basi tufanyeje?

Mpaka sasa hakuna dawa ya pumu ya kuvutwa, ya RNA katika vifuko, iliyopata kibali. Mtu akikuuzia kwa jina hilo, anakudanganya. Mgonjwa asiiache dawa ya kuvuta ya steroidi aliyopewa na mganga wa hospitali, hata akijiona mzima. Maana hiyo hutuliza uvimbe siku kwa siku. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye midomo yake imegeuka rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kuulizana

1. Kitabu ni nini, na nakala ni nini?
2. Kwa nini ukubwa wa matone una maana?
3. Utamjibuje mgonjwa atakaye kuacha dawa yake ili aingojee mpya?