SOMO: Kodi Imelipwa, Nyumba Haiko Tayari

Wengi wetu tunaofuata kazi za msimu wa tumbaku Kanengo hutafuta chumba Mtandire. Kodi ya miezi mitatu imelipwa, siku ya kuhamia imefika, nasi tunakuta paa halijaezekwa au mpangaji wa zamani bado yumo ndani. Mwenye nyumba anasema, "Subirini kidogo." Je, sheria inasemaje?

Malawi ilirithi sheria ya mahakama za Uingereza. Mwaka 1829, katika kesi ya Coe na Clay, mahakama ya London iliamua kwamba anayepangisha nyumba ameahidi kuikabidhi. Akishindwa kwa kuwa mpangaji wa zamani hatoki, yeye ndiye wa kumlipa mpya hasara yake. Kumtoa yule wa zamani si kazi yetu, na tusimguse. Mahakama ya Virginia, Marekani, iliamua kinyume mwaka 1930, ikamtwika mzigo huo mpangaji mpya. Bahati njema uamuzi huo si wa kwetu.

Juu ya paa na choo mambo ni magumu zaidi. Sheria hiyo ya zamani haimwahidi mpangaji kwamba nyumba tupu itafaa kukaliwa, aikague mwenyewe. Kwa hiyo tusitoe fedha kwa maneno matupu. Karatasi moja yatosha: kiasi kilicholipwa, miezi ipi, siku ya kukabidhiwa, kazi zitakazokuwa zimekwisha (paa, mlango, kitasa, choo), na kwamba siku ikipita fedha zirudishwe, au kodi ihesabiwe tangu siku ya kuingia. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi. Karatasi hiyo humlinda hata mwenye nyumba, asije akadaiwa umeme ambao hakuuahidi.

Wenzetu wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994, wana hofu zaidi, hasa tangu amri ya serikali ya 2021 ya kuwarudisha kambini na misako ya Mei 2023. Mwenye nyumba mjanja huitegemea hofu hiyo. Ni kweli kwamba Malawi, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti juu ya uhuru wa kutembea. Lakini kifungu cha 16(1), haki ya kwenda mahakamani, nchi yoyote hairuhusiwi kukiwekea sharti.

Tuanze kwa mfumu wa mtaa, pamoja na shahidi wetu. Ikishindikana, Legal Aid Bureau wapo Lilongwe, na hakimu yupo. Tuchukue karatasi ile na risiti.