Taasubi ya Kiume katika Kazi ya Uvuvi: Mifano kutoka Migori na Homa Bay

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi taasubi ya kiume inavyomnyima mwanamke usemi kazini, tukirejelea fuo za Ziwa Viktoria katika kaunti za Migori na Homa Bay, kama vile Muhuru Bay, Sori, Sindo na Mbita.

Tuanze na lugha. Nomino 'mvuvi' imo katika ngeli ya A-WA, nayo haibagui jinsia. Kijaluo nacho husema 'jalupo', na kiambishi ja- hakidai kwamba mtendaji awe mwanamume. Hata hivyo, mwambie mwanafunzi atunge sentensi kuhusu mvuvi. Aghalabu atakutungia mwanamume. Kosa, basi, haliko katika sarufi bali katika mazoea ya jamii.

Mazoea hayo yamejengewa mwiko: mwanamke, hasa aliye katika hedhi, akipanda mashua, samaki watatoweka. Katika machimbo ya Nyatike, Migori, husemwa vivyo hivyo kuhusu dhahabu na mwanamke anayeshuka shimoni, naye huachiwa kuponda mawe juu ya ardhi. Ajabu ni kwamba samaki huyo asiyemtaka mwanamke majini hana kinyongo naye anapompasua, anapomkaanga na anapombeba kwenda sokoni! Usiku wanaume huvua omena kwa mwanga wa taa. Alfajiri wanawake huwangoja ufuoni na beseni zao, kisha hushinda wakianika juani.

Asiye na mashua, wala ruhusa ya kuipanda, hana kauli kuhusu nani auziwe samaki. Hapo ndipo ilipoota mizizi desturi iitwayo jaboya, ambapo mvuvi humwuzia samaki mwanamke anayekubali kulala naye. Kadiri samaki walivyopungua ndivyo mnunuzi alivyozidi kubanwa, ilhali maambukizi ya VVU katika fuo hizi yamekuwa juu ya wastani wa taifa kwa miaka mingi. Wapo wanaowalaumu wanawake hao kwa tabia mbaya. Sikubaliani nao: anayechagua mnunuzi ni mwenye samaki.

Katika ufuo wa Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mashua ili waepukane na jaboya. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini waliozipanda walikuwa wanaume walioajiriwa. Mwenye mashua alingoja nchi kavu aletewe hesabu ya samaki ambao hakuwaona wakivuliwa.