Kinyama Kimeota Unyayoni? Weka Wembe Chini

Kaa jioni kwenye benchi la fundi viatu hapa Chang'ombe uone nyayo za watu: magaga, sugu, na mara mojamoja kinyama chekundu ambacho mwenyewe anakiita sugu tu. Vingi havina ubaya, ila visivyo na ubaya na vyenye ubaya hufanana.

1. Loweka, kisha tazama. Maji ya uvuguvugu dakika kumi, kioo kidogo, tochi ya simu. Michirizi ya ngozi hupita juu ya sugu kama kawaida. Ikifika kwenye chunjua, hukatika. Vile vitone vyeusi vya chunjua ni vimishipa vya damu iliyoganda, si mizizi. Kitone kimoja katikati ya kijipu kinachowasha? Huyo funza.

2. Bonyeza. Sugu huuma ukiigandamiza kwa juu, chunjua ukiifinya ubavuni. Mara nyingine kipimo hiki hudanganya.

3. Kimezungukwa na mfereji? Kinyama laini, chekundu, kimekaa kama kifungo ndani ya kishimo, ndala ikikisugua tu damu: huenda ni poroma, uvimbe wa tezi za jasho unaopenda sana unyayo. Daktari wa ngozi Pinkus na wenzake waliueleza huko Marekani mwaka 1956. Kwa kawaida hauna madhara, na hukatwa ukaisha. Ukiupaka dawa ya chunjua mwaka mzima utakuwa umelisha duka la dawa.

4. Weusi unaotanuka usiusubiri. Kwa sisi weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hupenda nyayo na chini ya kucha, jua halina habari nayo. Kidole cha Bob Marley kilidhaniwa kimeumia mpirani. Mwaka 1977 ikagundulika ni melanoma, na mwaka 1981 akafariki, ana miaka 36.

5. Usikate, usifunge uzi. Pepopunda tunaijua. Tunachosahau ni kwamba kile kinyama kilichotupwa jalalani ndicho pekee ambacho kingesema ukweli kikipimwa maabara.

6. Anzia zahanati, uombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke iko jirani, Muhimbili ni safari ya daladala.

7. Ukishapigwa ganzi na kukatwa, uliza bila aibu: "Daktari, kinyama changu kinakwenda maabara?" Kione kikiingia kwenye kichupa chenye dawa, jina lako limeandikwa ubavuni. Na kwenye fomu weka namba ya simu unayoipokea, si ile ya laini ya bando.