Ngonjera: Pande Mbili Zisikilizwe



Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Goma. Mwezi wa Februari mwaka huohuo, kambi zilizouzunguka mji, kama vile Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilivunjwa. Familia nyingi zilirudi upande wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na nyingine zilibaki mjini kwa ndugu na marafiki. Miongoni mwa waliorudi wako waliokuta shamba linalimwa na mtu mwingine. Aliyerudi anasema, "Umeniibia." Aliyebaki anajibu, "Wewe ulituacha." Wasipopata mahali pa kusemezana, ugomvi wa watu wawili unaweza kuwa ugomvi wa kijiji kizima.

Katika somo hili tunataka tujifunze njia moja ya kusemezana. Njia hii ilipewa nguvu na mshairi aliyeutumia ushairi kufundisha watu wake.

Mathias Mnyampala ni nani?

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, sehemu za Dodoma, katikati ya Tanzania. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kigogo, si Kiswahili. Hata hivyo alikipenda Kiswahili, akakitungia mashairi na tenzi nyingi. Kitabu chake cha mashairi, Diwani ya Mnyampala, kilitoka mwaka 1963. Aliandika pia historia na desturi za Wagogo, ili kabila lake lisisahau lilikotoka.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Wengine hudhani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, Mombasa, Lamu au Zanzibar. Mnyampala alikuwa mtu wa bara kama sisi. Hapa Goma, Mnande, Mhunde, Mhutu, Mtutsi na Mshi hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo mtu asione haya kutunga kwa Kiswahili chetu cha Goma.

Katika maisha yake Mnyampala alifanya kazi ya ualimu na ya uhakimu pia. Tunajua kwamba hakimu hawezi kukata neno kabla ya kuwasikiliza wote wawili. Alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Ngonjera ni nini?

Ngonjera ni shairi la majibizano. Mmoja anasema ubeti wake, mwenzake anamjibu, mpaka mwisho wanafikia neno moja. Kujibizana kwa mashairi kulikuwapo tangu zamani, lakini Mnyampala aliyatengeneza majibizano hayo yawe chombo cha kufundishia, yasemwe mbele ya watu kama mchezo.

Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, na mwaka 1968 Rais Julius Nyerere aliwaomba washairi wawafikishie wananchi siasa hiyo mpya. Mnyampala alijibu kwa ngonjera. Alifariki mwaka 1969, kabla ya kuviona vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA, vilivyotoka mwaka 1970 na 1971. Kazi yake haikufa. Watoto wa shule Tanzania wameendelea kusema ngonjera katika sikukuu na mikutano mpaka leo. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuishika, kwa sababu inaingia kwa masikio na kukaa moyoni.

Jambo la kujihadhari

Chombo hiki kina hatari yake. Ngonjera nyingi za wakati ule zilikuwa na mtu anayejua na mtu asiyejua. Asiyejua aliuliza, akafundishwa, akakubali. Jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya watu kukusanyika. Leo Mtanzania akimwambia mwenzake "acha ngonjera", maana yake ni acha maneno mengi yasiyo na kazi.

Hilo ni fundisho kubwa kwetu. Tukiwaita watu waseme ngonjera, na huku sisi wa mashirika au wakubwa wa kijiji tumekwisha kuandika mwisho wake, watapiga makofi na kurudi nyumbani na kinyongo chao. Kila upande upewe maneno yenye nguvu sawa, na mwisho utafutwe na wenyewe.

Mfano

Tumetunga beti mbili za kuanzia. Kila mstari una vipande viwili vya silabi nane nane.

*Aliyerudi:*
Jirani nimerejea, naulizia shambani,
Migomba niliyolea, siioni kiamboni,
Jembe lako latembea, mpakani hadi ndani,
Nilikimbia risasi, sikuuza asilani.

*Aliyebaki:*
Jirani pole pokea, nami sikuwa rahani,
Njaa iliposogea, watoto wawe na nani?
Pori lilipoenea, nililima kwa imani,
Nilibaki na risasi, sikuiba asilani.

Ubeti wa tatu hatukuutunga. Huo ni kazi yenu.

Namna ya kufanya

1. Ombeni ruhusa kwa mkubwa wa mtaa au wa kijiji. Chagueni mahali na saa ambapo kila mtu anaweza kufika na kurudi salama, hasa akina mama na wasichana.

2. Msitaje jina la mtu, la kabila wala la kundi lenye silaha. Semeni "aliyerudi" na "aliyebaki". Msichukue picha wala sauti kwa simu, maana neno likitoka hapo hamjui litafika wapi.

3. Gaweni watu katika vikundi viwili. Kila kikundi kitunge ubeti wake. Vina vikishindikana, si neno. Maneno ya kweli yanatosha.

4. Kisha badilishaneni. Aliyerudi aseme ubeti wa aliyebaki, na aliyebaki aseme wa aliyerudi. Hapa msiharakishe. Mtu akitoa kwa kinywa chake mwenyewe uchungu wa mwenzake, ataanza kuuelewa, hata kama hajaukubali.

5. Mtu asilazimishwe kusimulia mambo yaliyompata. Akilia au akinyamaza, mwacheni apumzike, na mmoja akae karibu naye.

6. Mwishoni tungeni pamoja ubeti wa tatu. Je, mavuno yaliyomo shambani yagawanywe? Aliyelima apewe muda wa kuvuna kabla ya kutoka? Kama hamkupatana siku hiyo, ubeti ubaki wazi, mkutane tena.

Tukumbuke kwamba ngonjera haikati kesi. Mipaka ya shamba itaamuliwa na wazee wa mila, kamati ya upatanishi au mahakama. Ngonjera inatayarisha mioyo ili watu wakifika huko wawe tayari kusikilizana.

Maswali ya kujadiliana

– Katika kijiji chenu, ni upande gani ambao maneno yake hayasikilizwi bado?

– Je, akina mama wanaolima shamba wana nafasi ya kusema pale ambapo habari ya shamba inaamuliwa?

– Sisi viongozi, tuko tayari kukubali mwisho ambao hatukuutunga?

Tunawatakia mazungumzo mema na amani nyumbani kwenu.