Sili Mpya Juu ya Shafti Iliyolika: Namna ya Kuzuia Oili Kuvuja Kwenye Trekta Kuukuu

Trekta kuukuu zinazolima mashamba ya pembezoni mwa Nairobi na kukokota trela za maji na mchanga mara nyingi hutegemea spea na karakana za Industrial Area, Barabara ya Kirinyaga na Kariobangi Light Industries. Malalamiko ya wenye trekta hizo hufanana: sili ya oili imebadilishwa, na baada ya majuma machache oili inavuja tena. Sili hulaumiwa kuwa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, lakini mara nyingi kasoro iko kwenye shafti yenyewe.

Kwa nini chuma huliwa na mpira

Sili ina mdomo wa mpira unaobana shafti, nyuma yake kukiwa na springi nyembamba. Vumbi na chembe za mchanga hunasa kwenye mpira huo, nao ukawa kama msasa. Shafti ikizunguka kwa miaka, huchimbika mfereji pale pale mdomo unapogusa. Trekta kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, imezunguka miaka ya kutosha kwa jambo hilo kutokea. Mdomo wa sili mpya ukiangukia ndani ya mfereji huo haubani sawasawa, na oili hupata njia.

Hatari haiishii kwenye gharama ya oili. Sili ya ekseli ya nyuma ikivuja, oili hufikia viatu vya breki, na trekta yenye trela iliyojaa haisimami kwenye mteremko.

Kupima kabla ya kununua

Kwanza trekta huegeshwa mahali tambarare, magurudumu huwekewa vizuizi, na uzito hubebwa na stendi imara. Jeki peke yake au mawe hayatoshi. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa hewa, kwani huenda lina asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Sili ya zamani hutolewa bila kukwaruza shafti kwa bisibisi. Kisha shafti husafishwa, na ukucha hupitishwa juu ya alama kuelekea urefu wa shafti. Ukucha ukiteleza bila kukwama, alama ni ya juu juu. Hung'arishwa kwa msasa laini sana, kwa kuuzungusha kufuata mviringo wa shafti. Msasa usivutwe kwa urefu wala kwa mshazari, kwa sababu mikwaruzo ya mshazari hufanya kazi kama nyuzi za skrubu na kusukuma oili nje.

Ukucha ukikwama, kuna njia nne.

1. Kubadilisha bushi. Kwenye baadhi ya shafti, sili haigusi shafti bali bushi iliyovishwa juu yake. Bushi ikiwa inapatikana, ndiyo njia rahisi.

2. Kuhamisha sili. Sili hukaa milimita mbili au tatu mbele au nyuma ya mfereji, ili mdomo uguse chuma kizima. Njia hii haina gharama, mradi sili isiguse beringi wala kuziba tundu la oili.

3. Kuvisha silivu. Hii ni bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye unene wa takriban milimita 0.28, kwa hiyo sili hubaki ya saizi ile ile. Shafti hupimwa kwa maikromita mahali pasipolika, mara tatu. Mfereji wenye kina hujazwa gundi ya chuma, kisha silivu huvishwa kabla gundi haijakauka. Isigongwe moja kwa moja kwa nyundo. Husukumwa kwa kifaa chake.

4. Kujaza na kukereza. Chuma huongezwa kisha shafti hukerezwa kwenye lethi hadi kipimo cha awali. Joto la kuchomelea linaweza kupinda shafti au kuanzisha ufa, hivyo kazi hii ni ya karakana yenye uzoefu. Krankshafti haifai kuchomelewa kienyeji.

Kufunga sili mpya

Trekta za Uingereza za zamani zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Sili ya milimita "inayokaribiana" haitoshi. Aende na ya zamani dukani. Kwenye sili za milimita, namba kama 50-72-8 humaanisha kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene.

Mdomo hupakwa oili, upande wenye springi huelekezwa kwenye oili, na meno ya shafti hufunikwa kwa karatasi ya plastiki ili yasichane mpira. Sili hugongwa taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, iingie bila kwenda upande.

Mambo mawili husahaulika. Beringi iliyochoka huacha shafti itikisike, na hakuna sili inayostahimili hilo. Tundu la kupumulia likiziba, shinikizo hupanda ndani na kusukuma oili nje hata kama sili ni nzima.

Maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kulipa

• Shafti imepitishwa ukucha na kupimwa?
• Beringi inacheza?
• Tundu la kupumulia limesafishwa?
• Oili chafu itapelekwa wapi?

Swali la mwisho linamhusu kila mkazi. Mitaro ya Industrial Area huelekea Mto Ngong, unaopita Mukuru na kuungana na Mto Nairobi. Kumwaga oili chafu kwenye mtaro ni kosa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Oili ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa wakusanyaji wenye leseni.