Viungo vya Jikoni na Afya ya Kaya, Busia na Tororo

Viungo ni sehemu za mimea zinazotiwa kidogo kidogo katika chakula ili kukipa harufu na ladha. Karafuu ni ua lililochumwa kabla halijachanua, mdalasini ni gome, pilipili manga ni tunda dogo lililokaushwa, na tangawizi na manjano ni mashina yanayokua chini ya ardhi. Katika masoko ya Tororo na ya Busia zote mbili, ile ya Kenya na ile ya Uganda, viungo hivi huuzwa kwa kijiko, kwa pakiti ndogo au kwa fungu.

Vingi vilitoka mbali. Asili ya pilipili manga na iliki ni kusini mwa India, karafuu ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na mdalasini bora ni Sri Lanka. Pilipili kali, ambayo wengi huidhania kuwa ya kienyeji kwa sababu hujiotea hata kando ya banda la kuku, ilitoka Amerika na kusambazwa na mabaharia wa Kireno. Kwa karne nyingi viungo vya Asia vilitawala mapishi ya Lamu, Mombasa na Unguja, huku bara vikiwa adimu. Reli ndiyo iliyobadili mambo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 ukafika Kisumu mwaka 1901, kwa nguvu za vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara kama Allidina Visram, walieneza maduka hadi ndani ya Uganda. Reli iliyopita Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yao yalibadili mikono, ila chapati, pilau na chai ya masala zilikuwa zimekwisha kuwa chakula cha wenyeji.

Kabla ya hayo jiko la mpakani halikuwa kavu. Wateso, Wasamia na Wajopadhola walikuwa na simsim na karanga za kusaga, na ukwaju, ambao Wateso huuita epeduru, bado hutiwa katika uji wa wimbi ukaupa uchachu mzuri usiohitaji sukari nyingi. Ladha hizi za asili hazifai kudharauliwa kwa sababu tu hazifungwi katika pakiti yenye rangi.

Badala ya chumvi

Faida kubwa kuliko zote ambayo viungo huiletea kaya ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu hiyo inajumlisha chumvi iliyomo katika mkate, samaki wa chumvi na vidonge vya mchuzi vya kiwandani. Chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu, nalo huharibu moyo, figo na ubongo kwa miaka bila maumivu ya kumwonya mtu. Ikipunguzwa taratibu, ulimi huzoea baada ya wiki chache. Ile kidogo inayobaki iwe yenye iodini, yaani madini joto.

Mfano mzuri ni omena, ambao upande wa Uganda huitwa mukene. Huoshwa kwa maji moto mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha huchujwa. Mafuta kidogo hupashwa, mbegu za binzari nyembamba hutangulia hadi zianze kunukia, ndipo vitunguu maji hukaangwa vikalainika. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa hufuata, halafu manjano na nyanya. Unga wa viungo hautiwi peke yake katika mafuta yaliyochemka sana, maana huungua mara moja na kuwa mchungu. Maji ya nyanya huukinga. Harufu ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo kuvikaanga kwanza huvipa nguvu. Omena huingia mwisho, na sufuria ikiepuliwa hutiwa dania na ndimu. Uchachu wa ndimu huufanya ulimi usitafute chumvi, na vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga nyingine za majani.

Majani ya chai hufanya kinyume: huzuia ufyonzaji wa madini hayo. Chai ya masala basi inywewe saa moja au zaidi mbali na mlo, hasa kwa wajawazito na watoto, kwa kuwa malaria peke yake hupunguza damu vya kutosha.

Uwezo wa viungo na mipaka yake

Tangawizi hutuliza kichefuchefu, kikiwemo cha ujauzito, inapotumiwa kwa kiasi cha chakula. Kitunguu saumu hushusha shinikizo la damu kidogo, lakini si mbadala wa vidonge vya hospitali, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari kabla ya kukila kwa wingi. Manjano yana kurkumini, ambayo mwili hufyonza kwa shida. Vidonge vyake vilivyokolezwa vimewadhuru baadhi ya watu ini. Pilipili kali haisababishi vidonda vya tumbo. Chanzo kikuu cha vidonda hivyo ni bakteria waitwao Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, ingawa pilipili inaweza kumwongezea maumivu aliyekwisha kuugua.

Hakuna kiungo kinachotibu malaria. Busia na Tororo kwa miaka mingi yamekuwa miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi katika Kenya na Uganda, na saa zinazopotea kwa maji ya tangawizi na kitunguu saumu zinaweza kugharimu uhai wa mtoto. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, kituoni au kwa mhudumu wa afya wa jamii, na ikithibitika kuwa malaria dawa mseto imalizwe. Mwenye degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunyonya akimbizwe hospitali.

Kununua na kuhifadhi

Kiungo kizima ni salama kuliko cha unga, kwa sababu ni vigumu kukichanganya na vitu vingine. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba manjano nchini Bangladesh yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Manjano yenye rangi kali isiyo ya kawaida yasinunuliwe. Adui mwingine ni ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2004, kupitia mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ukungu huo huota pia katika pilipili na tangawizi zilizoanikwa chini, na kupika hakuiondoi sumu yake. Viungo vianikwe juu ya mkeka au kichanja, vihifadhiwe vikavu katika chupa yenye kifuniko, na vyenye ukungu vitupwe vyote.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe kiungo wala maji ya kiungo chochote. Maziwa ya mama yanamtosha.